Uzi maalumu wa wacheza sapoti: acheni kuhesabu vichwa, hesabuni sekunde

Moshi wa Mapema (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Jukwaa letu la gemu siku hizi limegeuka ukuta wa picha za ubao wa matokeo. "Nimekula vichwa 31, nani anabisha?" Hakuna anayebisha, mkuu, umeua 31. Ila ukiikuza hiyo picha kidogo, pale juu pameandikwa kwamba timu yako imepigwa, na chini kabisa kuna mwenzako mwenye vichwa vinne ambaye umemzungushia duara jekundu ukamwita mzigo. Uzi huu ni wake.

Hoja yangu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Gemu za risasi za timu zinaendeshwa na saa. Bomu lina saa, eneo la kushikilia lina saa, kurudi uwanjani baada ya kufa kuna saa, hata duara la uwanja linalobana kwenye gemu la PUBG ni saa. Kuua ni njia mojawapo ya kula muda wa adui, na kwa kuwa ina kelele ndiyo inayohesabiwa na kila mtu. Ukimzibia njia kwa moshi umekula muda wake pia. Ukimwinua mwenzako aliyedondoshwa, kazi yote aliyoifanya adui mpaka akamdondosha umeifuta. Mcheza sapoti anashughulika na sekunde: anawaongezea wenzake, anawapunguzia wa upande wa pili.

Nianze na Counter-Strike (CS), ambako timu moja inatega bomu na nyingine inalitegua, kwa sababu namba zake ziko wazi. Bomu likishategwa linalipuka baada ya sekunde 40. Anayelitegua mikono mitupu anahitaji sekunde 10. Akiwa na vifaa vya kutegulia, ambavyo bei yake ni dola 400 za ndani ya gemu, anahitaji 5. Ni raundi ngapi umeona jamaa kanunua bunduki ya maana, kaua watatu, kafika kwenye bomu zimebaki sekunde saba, hana vifaa? Anasimama pale analitazama. Vichwa vitatu na raundi imekwenda na maji.

Tena gemu lenyewe limeshawapangia bei. Ukiua mtu kwa AK unalipwa dola 300. Moshi mmoja unauzwa dola 300. Kichwa kimoja, moshi mmoja, na huo moshi unafunga mlango kwa karibu sekunde 20 dhidi ya timu nzima, siyo dhidi ya mtu mmoja.

Mnataka ushahidi wa wakubwa? London, Septemba 2018, fainali ya Major, yaani mashindano makubwa kabisa ya CS. Upande mmoja Natus Vincere wakiwa na s1mple, ambaye HLTV, mtandao unaopanga ubora wa wachezaji wa CS, walimweka namba moja duniani mwaka ule, na sidhani kuna aliyebisha. Upande wa pili Astralis wa Denmark. Ikaisha 2-0 kwa Astralis. Wale Wadenmark walikuwa wanatupa moshi, flashi (bomu la mwanga wa kupofusha) na moto kwa mpangilio ambao ulikuwa unajikuta umeshapofuka na umeshazungukwa kabla hujaona sura ya mtu. Katikati yao alikuwepo Andreas Højsleth, mnamjua kama Xyp9x. Kazi yake sapoti: anampasia mwenzake silaha, anarusha flashi ili mwingine ndiye aingie akapate sifa, yeye anabaki nyuma. Na kwa kuwa anabaki nyuma, mara kwa mara ndiye aliyekuwa anabakia peke yake mbele ya wawili au watatu, akawamaliza kwa utulivu mpaka watu wakambatiza waziri wa hizo dakika za mwisho. Major nne kabatini: Atlanta 2017, London 2018, Katowice na Berlin 2019.

Mfano wa pili ni Team Fortress 2. Gemu la zamani, Oktoba 2007, lakini hakuna gemu lililoeleza thamani ya sapoti vizuri kama hili. Medic, yaani mganga wa timu, ana afya 150 tu na mkononi ana mtambo wa kuponyea usioua hata nzi. Akiwaponya majeruhi mfululizo kwa sekunde 40 anajaza nguvu yake kubwa, Uber. Akiiachia, yeye na anayemponya hawaingii risasi kwa sekunde 8. Sasa kwenye mashindano ya sita kwa sita kila timu ina Medic mmoja, na mchezo mzima unageuka kuwa hesabu: Uber ya nani imejaa, ya nani bado. Timu ikiona imechelewa, inamtuma Soldier, mpiganaji wa roketi, ajirushe kwa roketi yake mwenyewe hadi nyuma ya mstari wa adui. Anajua harudi. Anatakiwa tu afe na Medic, kwa sababu Medic akifa Uber yote inayeyuka na kuanza upya sifuri. Yaani adui yuko radhi kumpoteza mpiganaji mzima ili akupate wewe "mzigo".

Sasa tuje kwetu. Wengi tunaocheza CS kutoka Dar, Mwanza au Nairobi tunaangukia seva za Johannesburg, Dubai au Ulaya. Pingi, yaani milisekunde za mtandao kwenda kwenye seva na kurudi, ni 150, 180, mvua ikinyesha Mungu anajua. Mtu wa kawaida akiona kitu mpaka kidole kibonyeze inamchukua kama robo sekunde. Ongeza hiyo pingi, halafu kagombanie kona na kijana anayeishi mtaa mmoja na seva. Unakufa huku kwenye kioo chako umesharudi nyuma ya ukuta. Lakini moshi ukishaurusha hauulizi pingi yako. Mwale wa kuponya ukishamshika mtu hautaki shabaha ya milisekunde. Kwa mtu wa bando la simu, sapoti ni mahali pa kwanza ambapo unacheza kwa haki.

Karibuni. Povu ruksa, matusi hapana.

Bando la Usiku

Siti ya mbele nimeshakamata. Ngoja wale wa vichwa 31 waamke.

Kichwa Ngumu

Nimeamka mkuu.

Umechagua ushahidi unaokupendeza. Huyo s1mple uliyemzika London 2018 aliamka Stockholm 2021, Natus Vincere wakachukua Major bila kupoteza ramani (mchezo mmoja ndani ya mechi) hata moja. Mbona hiyo hukuiandika? Mtu anayeua ndiye anayefungua mlango, nyie wa moshi mnaingia kufagia.

Pili, mashindano ya PUBG Mobile ya kulipwa: nafasi ya kwanza inakupa alama 10, na kila kichwa alama 1. Skwadi ikila vichwa 12 halafu ikafa ya nne (hapo alama nyingine 4) imempita bingwa aliyejificha kwenye majani akanyanyua chakula cha jioni, yaani ushindi, na vichwa vitatu. Waliopanga hizo alama siyo wajinga. Wameona bila vichwa mchezo ni watu kulala kifudifudi.

Tatu, tuseme ukweli wa mtaani. Asilimia kubwa ya wanaojiita sapoti ni watu wasiojua kulenga wanaotafuta kichaka. Anachukua Sage, mhusika mponyaji kwenye gemu la Valorant, anakaa nyuma ya ukuta wake wa barafu, anaponya mtu mmoja kwa raundi, tukifungwa anasema "mimi nilifanya kazi yangu".

Moshi wa Mapema

Stockholm 2021 nakupa, nilijua utaileta. Ila itazame ile timu upya. Alikuwemo Perfecto, na kazi yake ilikuwa kushikilia maeneo ambayo hakuna anayeyataka na kuwatupia wenzake moshi na flashi. Timu ilipompata mtu wa kubeba hiyo kazi bila kulalamika, s1mple akawa huru kuua. Kwa hiyo 2021 wewe na mimi tunasoma kitabu kimoja, kurasa tofauti.

Hilo la tatu ni kweli, na linaniuma. Sapoti wa kichaka yupo. Ila tusimtumie kuwahukumu wote, maana hata wauaji wa kichaka wapo: anavizia nyuma, timu yote ikishakufa ndipo anaua wawili waliobaki na afya ya mwisho, ubao unamsifu.

Bibi Mganga

Hodi humu. Mimi ni wa gemu la Overwatch tangu 2016, naomba niongee kama mtu wa kazi hii, maana naona mnabishana kwa vitabu.

Kichwa Ngumu ana hoja moja ambayo mleta uzi ameipita haraka. Sapoti naye anaweza kuwa mfukuza namba, mbaya kuliko muuaji. Mnaikumbuka Mercy ya mwanzo, yule mhusika mponyaji? Nguvu yake kubwa ilikuwa kufufua wenzake wote waliokufa karibu naye kwa mpigo. Matokeo yake tukaanza kujificha! Mercy anakaa juu ya paa, anaangalia timu yake inakufa mmoja mmoja, hawaponyi kwa makusudi, anasubiri maiti zifike nne au tano ndipo ashuke kama malaika. Picha inakwenda mtandaoni, makofi. Septemba 2017 Blizzard, wenye gemu, wakachoka, wakaigeuza: anafufua mmoja mmoja. Watu walilia sana. Mimi niliona haki imetendeka.

Hata leo safu ya "umeponya kiasi gani" ni mtego. Ukiwa na Roadhog wenu, mhusika mnene mwenye afya nyingi, anayesimama katikati ya barabara anakula kila risasi, mponye yeye tu mechi nzima, namba yako itapaa. Huku nyuma mwenzako wa pili amekufa mara sita kwa kukosa ponyo kidogo tu la haraka. Tena Ana, mponyaji mwingine, akilirusha bomu lake likawapata maadui, kwa sekunde chache hawaponyeki kabisa. Hapo ndipo mechi inaposhindikana kwa wale wa upande wa pili, na kwenye safu ya uponyaji hilo halionekani.

Na mleta uzi, usituchoree sapoti kama mtawa asiyegusa bunduki. Msimu wa kwanza kabisa wa Overwatch League, 2018, aliyetajwa mchezaji bora alikuwa sapoti: Jjonak wa New York Excelsior, mtu wa kumchezea Zenyatta, mhusika wa sapoti. Unajua alisifiwa kwa nini? Kwa kuua! Wanaomfuata kumvamia nyuma walikuwa wanakuta kaburi lao. Alikuwa anaua kwa sababu sekunde ile kuua ndiko kulikokuwa na faida kuliko kuponya. Mimi ndivyo ninavyoielewa kazi hii. Unajiuliza kila wakati, hapa kinachotakiwa ni nini? Mara nyingine jibu ni risasi.

Halafu ile miaka ya 2018 na 2019 timu kubwa ziligundua kwamba ukipanga vifaru (wahusika wa kukinga risasi) watatu na sapoti watatu, bila mshambuliaji hata mmoja, hufungiki. Waliuita mpango wa GOATS. Wakapiga watu mpaka gemu likabadilishwa kanuni 2019, ikawa lazima wawili wawili kwa kila kazi. Fikiria, ilibidi sheria itungwe ili wauaji warudishwe uwanjani.

Bando la Usiku

Hapo kwenye sheria kutungwa ili wauaji warudi nimecheka mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta.

Kichwa Ngumu

Bibi Mganga nakuheshimu kuanzia leo. Mleta uzi ajifunze kukubali hoja ya mtu namna hiyo.

Bibi Mganga

Ahsante baba. Niongeze jambo ambalo wanaume humu hamlioni. Mwanamke akiwasha maiki kwenye gemu, kabla hajachagua chochote ameshaambiwa "chukua Mercy utuponye". Ukichukua, unaitwa mtu wa kubebwa. Usipochukua, unaitwa mkaidi. Kuna wasichana wazuri sana wa kulenga ambao wamekimbia sapoti siyo kwa kuichukia, ila kwa kuchoka kupangiwa. Mimi nimebaki kwa sababu naipenda, na maiki nawasha mechi ikishachanganya, wakati hakuna tena nafasi ya upuuzi.

Msee wa Thika Road

Wasee wa Bongo mko na uzi mtamu. Mimi CS siijui vile, niko PUBG Mobile na mabeste watatu, na kazi yangu kwa skwadi ni dere na daktari. Wacha niwape vile sisi hufanya, mtu wa alama kumi hapo juu pia asome.

Mwenzako akidondoshwa, kumwinua huchukua kama sekunde kumi. Sekunde kumi ni maisha, buda. Wengi hukimbia tu wakipiga magoti hapo hapo, wote wawili wanaenda. Sisi moshi ni kwanza. Na usiutupe juu ya mwenye ameanguka peke yake, kwa sababu adui anajua mko ndani na atamwaga risasi kwa ule moshi mpaka mtu aitike. Tupa mmoja katikati yenu na mwenye anapiga, mwingine tupa mahali hamna mtu, umchanganye. Ngoja ufunguke vizuri, ule moshi huanza mdogo. Mwenye ameanguka pia asilale hapo kama gunia, atambae akujie, sekunde mbili tatu zinaokolewa hapo.

Akisimama bado hajapona. Afya yake ni ya kuhesabu. Sanduku la huduma ya kwanza linamfikisha 75, haliendi juu ya hapo, kwa hivyo soda na vidonge vya maumivu ndio vya kumalizia. Mwenye anamlinda ni nani? Hapo ndio wafukuza vichwa hupotea. Ameona boksi la mtu mwenye alimwua, ameenda kuluti, yaani kuokota vitu vyake, mita 80 kutoka kwetu. Anapigwa akiwa ameinama kwa boksi, sasa niko na wawili chini na moshi umeisha.

Begi langu ni la moshi mingi na risasi kidogo. Nikipata lenzi ya mara sita sijiwekei, nampatia mwenye ana bunduki ya mbali. Ya kwangu ni gari iko na mafuta na imeegeshwa ikiangalia mahali duara linaenda.

Na kuhusu alama kumi: kubali, kichwa ni alama. Lakini skwadi ya watu wanne walio hai ndio huua kumi na mbili. Skwadi ya watu wawili huua wawili ikaenda lobi.

Kichwa Ngumu

"Akiwa ameinama kwa boksi." Umenitaja jina kabisa msee.

Salum wa Bahari

Asalaam alaikum ndugu zangu. Mie nipo Muscat, Kiswahili cha nyumbani kwa bibi, mtanistahamilia. Seva ya Dubai nyuma ya nyumba hapa, pingi haizidi vidole vyangu. Nasema hivi ili mjue sina udhuru wa mtandao, na bado nacheza sapoti.

Ile hoja ya pingi ya mleta uzi ina kweli lakini ina hatari. Mtu akiisikia ataona sapoti ni hospitali ya walioshindwa mtandao. Sivyo. Moshi wenyewe kuurusha hauhitaji pingi, sawa, ila kujua urushwe lini ndiyo kazi, na hilo halitibiki kwa intaneti nzuri. Mie nimecheza na vijana wa hapa pingi yao kama yangu, wanaijua kila pembe ya ramani ya Mirage ya kurushia moshi, wamekariri kwenye video, wanaurusha wote sekunde ya kumi ya raundi. Wenzao bado wapo upande mwengine wa ramani! Moshi unatoweka, wanaingia uwandani weupe. Kukariri si kucheza.

Sie tulikubaliana neno moja tu. Anayeingia akisema "sasa", ndiyo mkono unaachia. Kabla ya hapo hata uone adui ana mkia, usirushe.

Moshi wa Mapema

Salum, hapo kwenye hospitali ya walioshindwa mtandao umenikamata pazuri. Nilichotaka kusema ni kwamba pingi kubwa isimfukuze mtu kwenye gemu. Kujua muda ni kazi tofauti, na kweli haiuzwi kwenye bando.

Mkongwe wa Kafe

Vijana, nimewasoma kimya. Mimi ni wa enzi za Counter-Strike 1.6, lile toleo la zamani, kompyuta zimeunganishwa kwa waya ndani ya kafe, unalipia saa moja, mwenye kafe akikuona umezidisha anazima umeme wa meza yako.

Nikupeni historia kidogo ya hiki kinachowagombanisha. Ubao wa 1.6 ulikuwa na safu mbili za maana: umeua wangapi, umekufa mara ngapi. Basi. Safu ya kusaidia kuua ilikuja na toleo la CS:GO mwaka 2012. Kwa hiyo kizazi chetu kilifundishwa na ubao kwamba mtu ni vichwa vyake. Yule aliyekuwa anabonyeza herufi G kukudondoshea bunduki raundi ya pili, akaingia yeye na bastola, alikuwa haandikwi popote. Tulikuwa tunajua tu kwa kuwa tumekaa naye bega kwa bega. Akihama kafe, timu inaanza kupigwa na hakuna anayeelewa kwa nini.

Wapenda soka mtanielewa: Real Madrid walimwachia kiungo wao mkabaji Makélélé kwenda Chelsea mwaka 2003, majira yale yale waliyomleta Beckham. Walikuwa mabingwa wa ligi. Waliurudia ubingwa huo msimu wa 2006/07. Halafu nendeni mkaangalie Makélélé alifunga magoli mangapi maishani mwake.

Na ile miaka kulikuwa na Wolfenstein: Enemy Territory, ilitoka 2003, ya bure, inaingia hata kwenye kompyuta kongwe. Mle ndani usipokuwa na fundi hulipui kitu, mechi haiendi mbele hata muue mia. Wauaji wote wanasimama mbele ya lango wanamsubiri fundi mmoja mwenye baruti. Walikuwa wanamlinda kama bibi harusi. Gemu likipangwa hivyo, watu wanajifunza adabu bila kuambiwa.

Bando la Usiku

Mkongwe shikamoo. Sasa na mimi niseme langu, nacheza kwenye simu ya bei rahisi, Free Fire. Mnaidharau, najua. Ila kule sapoti ni rahisi kuonekana kwa sababu mechi ni fupi na watu ni 50 tu. Ukuta wa kurusha ule wa Gloo ndiyo maisha yangu. Mwenzangu akidondoka sikimbilii bunduki, namwekea ukuta, naingia nyuma yake, namwinua. Na nikiwa na Alok, yule mhusika aliyetengenezwa kwa DJ wa Brazil, nawasha mziki wake wa kuponya pale tunapohama, siyo tukishaumia tumelala.

Swali langu ni la maiki. Nyumba yetu tunalala wanne chumba kimoja, usiku siwezi kupiga kelele. Na hata nikiongea, napangiwa na watu wa lugha nyingine. Sapoti bubu anafaa kitu?

Moshi wa Mapema

Anafaa sana. Gemu la Apex Legends lilipotoka Februari 2019 lilileta alama za kubonyeza: kitufe kimoja kinasema adui yuko hapa, silaha iko hapa, twende huku, na kila mtu anaisikia kwa lugha aliyoweka kwenye gemu lake. Gemu nyingi sasa zina kitu cha namna hiyo. Weka alama pale adui alipo, weka alama pale unapotupa ukuta, kisha tenda uleule mtindo kila mara. Baada ya mechi mbili na watu walewale wataanza kusoma mwendo wako. Sapoti mwenye kelele na asiyetabirika ni mbaya kuliko bubu anayejulikana atakuwa wapi.

Bibi Mganga

Naongezea hapo. Bubu aangalie macho ya wenzake, yaani wanatazama wapi. Kamera yangu mimi nusu ya muda iko nyuma yangu, kwa watu wangu. Wapya wanamtazama adui mechi nzima kisha wanashangaa mwenzao alikufa lini.

Kichwa Ngumu

Haya. Msinielewe vibaya, bado naamini mtu asiyeweza kuua ajifunze kuua kwanza. Ila nina swali la dhati kwa Salum na mleta uzi. Flashi. Kila nikipewa flashi za mwenzangu napofuka mimi. Ninayeingia ndiye ninayeumia. Kosa la nani?

Salum wa Bahari

La anayerusha, tisa kati ya kumi. Flashi haichagui rafiki. Yeye anatakiwa asimame nyuma yako, airushe ipite juu ya kichwa chako au igonge ukuta ipinde kona, ipasukie mbele ya adui wewe ukiwa bado umefichwa na kona. Ikipasuka ndipo unatoka. Ukiona inapita mbele ya pua yako inabingirika, huyo hajui, geuka mgongo.

Na lile la kumi ni lako: hukusubiri. Muuaji ana papara, akisikia tu mlio wa kuvua pini kashatoka.

Msee wa Thika Road

Hio ya papara imeenda mpaka kwa PUBG.

Mkongwe wa Kafe

Maneno yametosha. Ijumaa saa tatu usiku, CS, nafungua chumba. Nafasi tano. Semeni kazi zenu tupange kabisa, sitaki kugombana wakati wa kununua silaha.

Salum wa Bahari

Moshi wote wa Mirage ni wangu.

Bibi Mganga

CS si gemu langu sana, ila nitashika eneo la B, moja ya sehemu za kutegea bomu, na kutoa taarifa. Nawasha maiki.

Moshi wa Mapema

Flashi kwa anayeingia, na kudondosha silaha.

Mkongwe wa Kafe

Mimi ndiye mpanga mipango, macho yameshachoka kulenga. Tumebaki na nafasi moja. Sasa jamani, nani anaua?

Kichwa Ngumu

Mmeniita?

Bando la Usiku

Hahahaaa.

Kichwa Ngumu

Nakuja, ila masharti. Raundi ya pili nataka AK, sina hela kwa sababu raundi ya kwanza nitakuwa nimenunua jaketi la kuzuia risasi. Na Salum asirushe mpaka niseme "sasa".

Moshi wa Mapema

AK nakununulia. Saa tatu kasoro dakika kumi uwe umeshapakua masasisho, Ijumaa iliyopita tulimsubiri mtu nusu saa.